Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Ta. Ta, ta. Ta.

Ndivyo maji yalivyokuwa yakilia juu ya turubai. Sauti hiyo ninayo mpaka leo. Naweza kuwa nimekaa juani, vumbi limenijaa kope, sijaona wingu tangu asubuhi, na bado naisikia. Wala haikuwa mvua. Mvua yetu Dodoma haina subira hivyo, huja na fujo na kuondoka na fujo. Hii ilitoka kwenye kopo la plastiki lililokuwa mkononi mwa Fundi.

Kila koti alilolimaliza alilitundika kwenye msumari wa nguzo ya kibanda. Chini aliweka beseni. Akachota maji, akayamwaga taratibu juu ya mabega, halafu akasogeza sikio kama mtu anayeambiwa siri. Turubai lililoshiba nta hulirudisha tone, nalo likalia ta, likaviringika mpaka kwenye beseni. Pale panapokunywa maji hapalii. Pananyamaza. Fundi alikuwa akiutafuta huo ukimya.

"Hapa panakunywa," alikuwa akisema, na koti linarudi mezani.

Mama muuza uji wa jirani yetu hakuzoea kabisa.

"Jamani Fundi! Sisi maji tunayanunua kwa dumu, wewe unaogesha makoti!"

"Na hilo beseni unadhani limekaa hapo kwa urembo?"

Na kweli, maji yale yale yalizunguka juma zima, kutoka kwenye kopo hadi kwenye koti, kutoka kwenye koti hadi kwenye beseni, mpaka yakapata rangi ya chai na kunukia asali, kwa ajili ya ile nta ya nyuki.

Nilikaa naye miaka sita kwenye cherehani ya pili. Kibanda kilikuwa ukingoni mwa mnada wa ng'ombe, nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo hauna wa kuuzuia. Nilifika pale nikiwa nimeishia kidato cha pili, na kichwani nina duka. Ndiyo, duka, la vioo, lenye sanamu mbili mlangoni zimevaa nguo nilizobuni mimi. Nilimweleza siku ya kwanza kabla hata sijajua kuweka uzi kwenye bobini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo sanamu," akaniuliza, "zina baridi?"

"Hapana, Fundi."

"Basi zitasubiri. Kaa hapa, kanyaga."

Nikimkumbuka, baada ya ile sauti kinachofuata ni uchovu wake. Sijapata kuona mtu aliyechoka kwa mpangilio kama yeye. Alichoka kwa viungo. "Leo nimechoka magoti," alisema, na siku hiyo mimi ndiye niliyekanyaga cherehani. "Leo nimechoka vidole," na siku hiyo nilishika shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, nikatoboa turubai mpaka viganja vikawaka. Siku mbaya zaidi alisema amechoka mpaka nywele. Naye alikuwa na upara unaong'aa. Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye nilijifunza kwamba siku ya nywele hatanii, nikawa namletea uji bila kuulizwa.

Lakini kukaa hakukaa. Mtu anakwambia amechoka huku amesimama, anakata, anapaka nta, anakunja, anafagia. Nilimwuliza kwa nini asipumzike. Akasema akikaa uchovu unamkuta.

Alichokuwa akishona ni kitu kimoja tu: koti la mchungaji wa mifugo. Turubai zito la lori, lililofuliwa mpaka likalainika kidogo. Kofia ndefu ya kufunika hadi kwenye paji la uso. Mikono mipana. Mgongoni lilishuka mpaka nyuma ya magoti, ili mtu akikaa juu ya jiwe lenye umande akalie koti lake. Na ndani, upande wa kushoto chini ya mbavu, mfuko mkubwa wenye mdomo mpana, umeshonwa mara mbili, na matundu matatu madogo ya hewa.

Mfuko huo ndio uliowafanya wafugaji watoke Mtera, watoke Chamwino, watoke huko vijijini nisikokujua, waje kwa Fundi wakati makoti ya mitumba yamejaa kila soko. Mbuzi akizalia malishoni, mtoto wake hawezi kutembea mpaka nyumbani. Mchungaji anamtia mle, kichwa nje, joto la mbavu zake linampasha, na safari inaendelea. Fundi alikuwa akiupima mfuko kwa mkono wake mwenyewe. Anautia mpaka kwenye kiwiko, anakunja ngumi, anaizungusha. Ngumi ni kichwa, kiwiko ni kiuno. Ikigota mahali, anafumua.

Koti lilipofaulu maji na kufaulu ngumi, alifungua kopo la zamani la majani ya chai, akatoa uzi mwekundu, akatia mishono mitatu ndani ya kola. Basi. Hakuwa na lebo, hakuwa na jina ukutani. Mfugaji akija hakuuliza maswali. Alipindua kola, akaona nyekundu tatu, akavaa.

Sasa niseme na ukaidi wake. Mtu huyu aliyeshona makoti bora ya mvua kuliko yote niliyowahi kuyaona hakuwa na koti lake hata moja. Yeye alivaa jaketi la mtumba la zambarau, lile lililojaa pamba, la kike, kiuno kimebanwa, zipu imekufa. Alilifunga kwa pini mbili. Mama muuza uji alimchamba kila baridi ilipoanza.

"Shemeji, leo umependeza. Harusi ya nani?"

"Yako, kama utaniita."

Nilipomwuliza mimi, alijibu kwa umakini: "Mimi siendi malishoni. Mvua naisikilizia humu humu." Na kweli, wingu likikusanyika tu, yeye yumo ndani. Alikuwa anaogopa kulowa kama paka.

Na mtu huyu huyu aliyesema fasheni ni kazi ya watu wasiochoka, alikuwa akizitazama nguo za wapita njia kuliko mimi. Akipita kijana kavaa suruali imechanika magoti, Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka kona. "Ile imechanwa vibaya," aliniambia. "Aliyechana hakuwahi kuanguka."

Fasheni ilitufuata yenyewe. Siku za mnada watu wa mjini huja kula nyama choma, wanachuo, watu wa maofisini, familia nzima na watoto. Jumamosi moja ya Julai, upepo ukiwa unakata masikio, dada mmoja wa ofisini mwenye kiblauzi chepesi alikuja akitetemeka akaomba aazimwe koti. Nilimpa lililokuwa msumarini. Alilivaa, akajiangalia kwenye simu yake. Halafu akavuta kofia, akapigwa picha mbele ya zizi la ng'ombe, akapigwa nyingine. Jumamosi iliyofuata walikuja watano.

"Fundi, shikamoo. Tunataka lile koti la kwenye picha."

"Marahaba. Mnachunga nini?"

Walicheka mpaka wakashikana. Kijana mmoja mwenye miwani akatia mkono kwenye mfuko wa ndani.

"Duh! Huu wote wa nini?"

"Wa mwanambuzi."

"Mimi nitawekea laputopu."

"Weka," Fundi akasema. "Ila hiyo hata ikiona baridi haitakulilia."

Walilipenda koti, lakini kila mmoja alikuwa na neno. Linanuka asali. Nta inapaka shati. Ni zito. Libanwe kiunoni. Lifupishwe. Mfuko ule ushonwe kwa nje, uonekane. Fundi aliwakatalia miezi mitatu mizima. Siku moja akaamka amechoka mpaka nywele, akanisogezea mkasi.

"Wewe ndiye mwenye sanamu za dukani. Wakatie."

Siku hiyo niliimba. Nilitafuta turubai jepesi, sikulipaka nta. Nikabana kiuno. Mfuko niliushona kwa nje, mfuniko mzuri na vifungo viwili vya shaba, lakini chini ya mfuniko hapakuwa na kitu. Mfuko wenyewe ungevimbisha koti. Yalipendeza, wallahi, hata sasa nasema yalipendeza. Niliyaona mjini yakipanda ngazi za maofisi, niliyaona harusini. Kila nililoliona nilitaka kumgusa mtu bega nimwambie, hilo ni langu.

Wateja walikuwa na lalamiko moja lililobaki. "Mbona langu halina zile nyuzi nyekundu kama la yule mzee wa ng'ombe?"

Fundi wakati huo macho yalikuwa yameanza kumtupa. Akaenda hospitali kutazamwa, akakawia juma zima. Kopo la majani ya chai lilikuwa mezani. Nilijiambia ni urembo tu, mishono mitatu, nani atakufa. Nikaitia kwenye makoti saba yaliyokuwa kwenye kamba.

Siku ya mnada alikuja mama mmoja mfugaji wa upande wa Mtera, mjane anayechunga mwenyewe. Alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" nami nikaitikia nilivyofundishwa. Kibanda kilikuwa kimejaa wanachuo. Yule mama alipita kwenye kamba, akachukua koti moja, akapindua kola. Akaona nyekundu tatu. Hakutia hata mkono kwenye mfuko. Kwa nini autie? Aliweka pesa mezani, akalikunja kwapani.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Mwanachuo mmoja akaniita nimpige picha, nikageuka. Nilipogeuka tena, mama keshaingia kwenye vumbi la ng'ombe.

Mvua zilipoanza, alirudi. Fundi alikuwepo. Mama alikuwa anakohoa, akalaza koti juu ya cherehani kama anavyolazwa mgonjwa.

"Fundi, nikuulize," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ugomvi. "Umezeeka, au umeniona mjinga?"

 Fundi alipitisha kiganja kwenye bega la koti. Akainua mfuniko wa mfuko, kidole chake kikagota kwenye kitambaa, kisha akapapasa ndani ya kola, mishono mitatu.

"Wamezaliwa pacha malishoni," mama akasema. "Mmoja nilimbeba mikononi. Wa pili natafuta pa kumtia, natafuta, hakuna. Nikamwingiza kifuani. Lakini maji yalishafika kifuani kabla yake. Nimefika nyumbani naye amekakamaa kama kuni."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Nilingoja Fundi aninyooshee kidole. Nilitaka aninyooshee.

"Nimezeeka, mama," akasema. "Nisamehe."

Yule mama alimtazama kwa muda mrefu. Sidhani kama aliamini. Lakini aliitikia kwa kichwa, akaketi kwa muuza uji kungoja gari la kurudi.

Alipoondoka, Fundi alikwenda kwenye kamba. Yalikuwa yamebaki makoti yangu mawili yenye uzi. Macho yake hayakuweza kuona mshono mdogo namna ile, kwa hiyo alizitafuta nyuzi kwa kucha, akazifumua moja moja kwa wembe. Vipande vyekundu akaviweka kiganjani mwangu.

"Uzi huu hutautia tena mpaka nikwambie."

"Ndiyo, Fundi."

"Na usilie juu ya turubai. Litakunywa."

Koti la yule mama alilishona mwenyewe, siku nne, pua ikigusa kitambaa. Hakuniruhusu hata kumchomekea uzi kwenye sindano. Alilimwagia maji mara nyingi kuliko koti lolote nililoliona, akampelekea kupitia mtu anayeaminika. Baada ya hapo hakulitaja tena jambo lile. Ningepona haraka zaidi angenitukana.

Mwaka uliofuata macho yalimtupa kabisa, binti yake akaja kumchukua wakaishi Kibakwe. Aliniachia cherehani zote mbili, katoni za kupimia mikato, beseni, na kopo lenye uzi. Ruhusa hakuniachia. Nilimsindikiza nikisubiri aseme neno. Alisema, "Nguzo hiyo inaliwa na mchwa, iangalie."

Niliacha mifuko ya uongo. Nilirudia turubai zito, nta, ngumi na kiwiko, makoti ya wanachuo na ya wafugaji yakawa kitu kimoja. Wanachuo wengine walihama, wengine walizoea harufu. Lakini wafugaji walikuja, wakanisalimu vizuri, wakapindua kola, wakaona hakuna kitu, wakairudisha kola ilivyokuwa. Wakaaga vizuri pia. Hivyo kwa misimu miwili. Nilikuwa na uzi wenyewe ndani ya kopo, hatua moja kutoka nilipoketi, na hakuna aliyenizuia kuutumia. Kuna majuma nilichoka viungo vyote kwa pamoja, nikatamani kumwambia mama muuza uji kwamba hata mimi nimefika kwenye nywele. Duka la vioo lilikuwa bado lipo kichwani. Nilipita mbele yake nikiwa na haraka ya kwenda kununua nta.

Msimu huu uliopita nilishona koti moja bila haraka, nikalifunga, nikapanda gari kwenda Kibakwe.

Nilimkuta barazani, na lile jaketi la zambarau, pini mbili. Amepungua. Kule ni milimani, kuna baridi ya kweli, na watu wanalima hadi kwenye mteremko. Nilimwamkia, akaitambua sauti.

"Marahaba, mwenye sanamu. Zimeshikwa na baridi?"

"Bado, Fundi. Mimi ndiye nimeshikwa."

Nikamwekea koti mapajani. Alilinusa kwanza. Akapitisha vidole kwenye pindo, kwenye kofia, chini ya makwapa. Akatia mkono kwenye mfuko mpaka kwenye kiwiko, akakunja ngumi, akaizungusha. 

"Mwanambuzi angekaa," akasema.

Nilidhani imekwisha hapo, nilitaka kupiga vigelegele. Lakini yeye alikuwa ameinua uso. Juu ya kilima mvua ilikuwa inakuja, naye aliisikia kabla sijaiona. Akafungua pini, akavua zambarau, akavaa koti langu. Akasimama.

Binti yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba! Mvua hiyo, unakwenda wapi?"

"Kusikiliza."

"Wewe? Kwenye mvua?"

 Fundi alipapasa ukingo wa baraza kwa mguu, akashuka, akaenda mpaka katikati ya ua na kusimama huko, kofia imemfunika mpaka kwenye paji la uso, kama mchungaji ambaye mifugo yake imemtoroka. Ikanyesha. Mimi na binti yake tulisimama barazani tukimtazama mzee aliyeogopa kulowa maisha yake yote. Hakusogea. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo, mara kulia, mara kushoto. Kushoto kikakaa.

Alirudi maji yakimdondoka kwenye nyusi.

"Bega la kushoto linakunywa."

"Nimelipaka nta mara tatu, Fundi!"

"Si nta. Mshono umepinda kidogo pale juu. Ulikuwa umechoka ulipofika hapo."

Nilikumbuka. Ilikuwa jioni, mgongo umeniuma, nikajiambia bega moja si koti zima.

"Nilikuwa nimechoka," nikasema.

"Najua. Na mimi la yule mama nililishona nimechoka kuliko ulivyowahi kuchoka wewe." Alivua koti, akalikung'uta, akanirudishia. Binti yake akamfunika tena kwa zambarau. "Choka unavyotaka. Lakini usimshonee mtu uchovu wako akaende nao malishoni."

 Mvua ikapita upande wa pili wa kilima.

"Likiacha kunywa," akasema akiwa amefumba macho, "tia uzi. Wala usije kuniuliza, huku ni mbali. Utasikia mwenyewe."

Nilirudi Dodoma. Siku ya pili adhuhuri, jua likiwa limewafukuza watu wote mnadani, mama muuza uji kajilalia kivulini, nilirudishia mlango wa kibanda. Nikafumua bega la kushoto kwa wembe, lote, kuanzia kwenye kola. Nikalinyoosha, nikalishona upya, nikapaka nta, nikaipasha kwa kiganja mpaka ikazama. Nikatundika koti msumarini, beseni chini. Mezani nilikuwa nimeshafungua kopo, uzi mwekundu nimeshauchomeka kwenye sindano.

Nikamwaga.

Bega la kulia, ta, ta. La kushoto, ta. Ta, ta. Nikasogeza sikio. Karibu na kola, mahali padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, palinyamaza. Hakuna mfugaji ambaye angepaona. Wala pasingemlowesha mtu kwa mvua ya dakika kumi. Nami nilikuwa na safari nzima mgongoni, na miguu imevimba.

Nilichomoa uzi mwekundu kwenye sindano, nikauzungusha, nikaurudisha ndani ya kopo.

Nikachukua wembe.